Nilichokikuta nyuma ya tailizi za meko

Tailizi ya kwanza ilidondoka saa mbili usiku, moto umekolea, ikapiga sakafu ya mawe mbele ya meko ikapasuka vipande viwili, na mwanangu wa pili alikuwa amekaa hatua mbili tu kutoka pale. Hakuumia, namshukuru Mungu mpaka leo. Ila mimi nilibaki nimeikodolea macho ile nafasi tupu ukutani. Siku tunabandika, nyuma ya ile tailizi palikuwa na karatasi nyeupe ya bodi ya jipsamu, sasa palikuwa na rangi ya kahawia kama mkate uliosahaulika, na nilipogusa kwa kidole ukadondoka unga.

Naongelea meko ya ukutani, fayaplesi kama wengi tunavyoita, ile ya kuni ya kuotea moto sebuleni, mdomo wazi na dohani inapanda juu. Nyumba tuliikuta nayo. Imejengwa kwa tofali na mule ndani moto unapokaa kuna tofali za kuhimili moto, yenyewe kama meko ilikuwa nzima kabisa. Kilichotusumbua ni sura yake tu, tofali zimechakaa, ukuta umepinda, rangi ya zamani inabanduka. Tukasema mimi na kaka yangu tuipendezeshe, tukamwita na fundi mmoja mzuri wa tailizi, na kwa kweli kazi ya mikono yake ilikuwa safi, mistari imenyooka, pima maji ikikaa popote haitikisiki.

Tulifanyaje? Tulisimamisha fremu ya mbao mbele ya tofali ili ukuta uwe flati, juu ya fremu tukapiga jipsamu, juu ya jipsamu tailizi, kulia na kushoto kwa mdomo wa meko tukasimamisha nguzo mbili za urembo za MDF, zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, na juu tukaweka gogo zito la mbao ngumu likawa rafu, lile ambalo mtu anaweka saa ya mezani na picha za familia. Lilihitaji watu wawili kulinyanyua. Kila aliyeingia sebuleni alisifia, na mimi nilikuwa najisikia vizuri sana kila nikipita pale.

Sasa dalili zilikuwepo na nataka niziseme moja moja maana inawezekana kuna mtu anaziona kwake wakati huu na anazipita kama nilivyozipita mimi. Ya kwanza ilikuwa harufu. Moto ukikaa kama saa moja na nusu kulikuwa na harufu ya vanishi, nikasema ni mpya itaisha, ikapungua kweli kisha ikabadilika ikawa kama harufu ya mbao inayopigwa pasi, tamu hivi, na mimi nikaipenda! Ya pili, grauti, ile saruji laini ya kujaza kati ya tailizi, kwenye mstari wa juu ya mdomo ilipata ufa mwembamba, nikaujaza, ukarudi palepale. Ya tatu nilikuja kuigundua nikifuta vumbi, tailizi za katikati ukizigonga kwa kifundo cha kidole zilikuwa zinalia utupu, ko ko, za pembeni zinalia zito. Na ya nne, upande wa chini wa lile gogo rangi ilikuwa imeiva kuliko upande wa juu. Nilidhani ni moshi. Nikawa napitisha kitambaa chenye sabuni.

Kesho yake baada ya ile tailizi kudondoka sikuwasha moto. Nilinunua kipimajoto cha bunduki, kile cha kuelekeza na kubonyeza, nikasubiri kaka aje, tukawasha moto wa kawaida tu tukiwa wawili macho na ndoo ya maji na mtungi wa kuzimia moto pembeni. Baada ya saa mbili na nusu chini ya gogo ikasoma sentigredi 96. Tukauzima. Nakiri leo nisingerudia hata huo moto mmoja wa kupima, kwa sababu ya nilichokikuta nilipobomoa.

Nilibandua tailizi karibu zote kwa mkono, hazikuwa zimeshika. Jipsamu ya juu ya mdomo ilikuwa imelegea kama biskuti iliyolowa na kukauka tena. Na nyuma yake ile mbao ya kulala, ile iliyokatiza juu ya mdomo wa meko kubeba fremu, ilikuwa nyeusi. Sio nyeusi ya moshi, nyeusi ya mkaa, nikikwangua kwa kucha unatoka mkaa, na kina chake kama nusu ya ncha ya kidole. Hakuna mwali wa moto uliowahi kufika pale hata siku moja. Nilikaa chini sakafuni.

Kuna mzee mmoja fundi wa dohani, amefanya kazi hii tangu mimi sijazaliwa, kaka ndo aliyenipa namba yake. Alikuja akaangalia, akachukua kipande cha ile mbao akakizungusha mkononi akaniuliza, "Mwanangu, mkaa unatengenezwaje?" Nikamwambia, mzee, si unapanga magogo unayafukia na udongo, unayachoma bila hewa ya kutosha. Akasema, "Basi na wewe umejenga tanuri ukutani, dogo dogo, la kwenda polepole."

Alivyonieleza nimekuja kuthibitisha baadaye kwa kusoma na ndivyo ilivyo. Mbao ya kawaida ukiipasha kwa haraka inashika moto ikifika kama sentigredi 250 hadi 300, na ndo maana watu tunajipa moyo, tunasema mbona ukuta hauwi moto kiasi hicho. Ila mbao ikikaa kwenye joto la chini ya hapo sana, miezi, miaka, inatolewa maji yote, inaanza kubadilika kidogo kidogo kuelekea mkaa, na kadri inavyobadilika ndivyo inavyozidi kuwa rahisi kushika moto. Kwa hiyo ile mbao ya mwaka wa kwanza na ile ya mwaka wa tano sio mbao moja, japo iko palepale na moto unaouwasha ni uleule. Unakuta mtu anasema nimetumia hii meko miaka yote haijawahi kuwa na shida, na anasema kweli, halafu jioni moja ukuta unaanza kufuka kutokea ndani.

Na jipsamu nayo ilinifundisha kitu. Mimi nilikuwa naamini jipsamu ni ya kuzuia moto. Kwa kiasi ni kweli, maana ndani yake kuna maji yaliyojifunga kwenye lile jiwe lenyewe, karibu sehemu moja ya tano ya uzito, na nyumba ikiungua yale maji yanatoka kama mvuke na kuuchelewesha moto upate muda wa kutoa watu nje. Lakini hiyo ni kazi ya mara moja. Ukiipasha kila jioni inapoteza maji yake taratibu, inabaki unga usio na nguvu, na wenye kuitengeneza wanasema isikae kwenye joto la kudumu la zaidi ya sentigredi 52. Juu yake kuna karatasi, na karatasi inaungua. Hata ile jipsamu nene ya rangi ya waridi yenye nyuzi za kioo ndani, ambayo inauzwa kama ya moto, nayo ni hivyohivyo, imetengenezwa kuhimili tukio moja baya, haikutengenezwa kuwa jirani wa moto kila siku.

Mzee akatoa futi akapima tulivyokuwa tumejenga. Mdomo wa meko yangu ni sentimita 90 kwa 70. Gogo lilikuwa sentimita 18 juu ya mdomo na limetokeza mbele sentimita 20. Nguzo za MDF zilikuwa sentimita 10 kutoka ukingo. Kisha akaniambia vipimo anavyovifuata yeye, ambavyo ni vya kanuni za ujenzi wa nyumba za makazi za Marekani kwa meko za tofali, na nimevikariri: kitu chochote kinachoungua kisikae ndani ya milimita 152 kutoka mdomo wa meko, pande zote. Kuanzia hapo mpaka milimita 305 unaruhusiwa kuweka mbao lakini isitokeze zaidi ya sehemu moja ya nane ya umbali wake kutoka mdomoni. Yaani kwa zile sentimita 18 zangu, gogo langu liliruhusiwa kutokeza sentimita mbili na robo tu, mimi nimetokeza 20! Nguzo zenyewe hazikutakiwa kuwepo kabisa. Na fremu ya mbao, mbao za ujenzi kwa ujumla, ziwe angalau milimita 51 kutoka uso wa mbele na ubavu wa ujenzi wa tofali wa meko na milimita 102 kutoka mgongo wake, na ile nafasi isijazwe kitu. Sisi tulizigandamiza mbao kwenye tofali zikagusa, tukaona ndo zimeshika vizuri.

Kwa nini kutokeza kuna shida kuliko umbali peke yake? Hili ndo lililonikalia kichwani. Hewa ya moto haitoki yote kwenye dohani, ingine inatoka mdomoni inapanda ikiukumbatia ukuta, na ukiweka kitu kimetokeza kinaipokea kama kwapa, inazunguka pale pale. Rafu nyembamba ya sentimita mbili hewa inaipita. Rafu ya 20 inaikamata yote. Na tena kuna joto la miale, lile unalolisikia usoni ukikaa mbele ya moto, rafu iliyotokeza inaona moto moja kwa moja kwa upande wake wa chini. Ndo maana gogo langu liliiva chini na juu likabaki zuri.

Kuna jambo la usalama wakati wa kubomoa ambalo nusura nilipuuze. Nyumba yetu ni ya zamani na mimi nilikuwa nimeshaanza kukwangua ile rangi ya kwenye tofali kwa mashine ya msasa, vumbi linaruka, watoto wanapita. Mzee alinisimamisha kwa ukali. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na risasi, Marekani walizipiga marufuku kwa nyumba za kuishi mwaka 1978, na vumbi lake kwa mtoto mdogo ni sumu ya ubongo. Vilevile nyumba za zamani zinaweza kuwa na bodi au kamba za asbesto kuzunguka meko, kwa sababu zamani ndo ilikuwa dawa ya joto, Uingereza hawakuimaliza kabisa mpaka 1999. Ukikuta bodi ya kijivu au kamba nyeupe ya nyuzi nyuma ya ukuta na hujui ni nini, usiikate, usiivunje, acha watu wenye ujuzi wachukue sampuli ipimwe. Kwangu hakukuwa na asbesto, ila rangi ilikuwa na risasi kweli, kwa hiyo tukafunga mlango kwa nailoni, tukakwangua ikiwa imelowa, tumevaa barakoa zile zenye chujio sio za kitambaa, na watoto wakaenda kulala kwa bibi yao.

Tulipofika kwenye tofali tupu mzee akafanya kitu ambacho fundi wa tailizi hakuwahi kukifanya, aliwasha karatasi akaangalia moshi unakwenda wapi. Juu ya kile chuma cha kizingiti, kinachobeba tofali za juu ya mdomo, kulikuwa na mwanya, moshi kidogo unachungulia. Miaka yote hiyo ulikuwa unaingia nyuma ya ukuta wetu mzuri. Akauziba kwa saruji ya kuhimili moto, akakagua dohani mpaka juu, akasema dohani ikaguliwe kila mwaka hata kama umewasha mara chache. Na mimi siku hiyohiyo nikaweka king'ora cha gesi ya kaboni monoksaidi, ile isiyo na harufu wala rangi, kimoja sebuleni na kingine karibu na vyumba vya kulala. Kama bado hujaweka chako, usisubiri mpaka uanze ukarabati.

Tulipoanza upya nilikuwa nimeshaandaa bodi za saruji, nimesoma kwamba haziungui, nikajua nimepata jibu. Mzee akauliza, utazipiga kwenye nini? Kwenye fremu ya mbao, nikasema, fremu mpya. Akacheka kidogo kwa upole, akasema, "Mama, sufuria nayo haiungui." Hapo nilielewa. Kitu kutokuungua na kitu kutokupitisha joto ni mambo mawili tofauti, bodi ya saruji iliyolala juu ya mbao inapokea joto inaikabidhi mbao iliyo nyuma yake, na tailizi juu yake nazo zinakabidhi tu. Mtu anaangalia ukuta kwa mbele anaona jiwe, saruji, tailizi, vyote haviungui, anatulia. Nyuma mbao inaiva. Tangu siku hiyo nikiingia kwa mtu nikaona meko imepambwa vizuri swali langu la kwanza ni nyuma yake kuna nini, sio mbele.

Alichoshauri ni kitu rahisi kuliko vyote, kwamba tofali lenyewe ndo ukuta wako bora, kwa nini unalificha nyuma ya fremu? Lisawazishe kwa lipu. Kwa hiyo eneo lote la kuzunguka mdomo tulilipiga lipu moja kwa moja juu ya tofali, saruji moja, chokaa moja, mchanga sita, safu mbili, kila safu isizidi sentimita moja na kidogo, ya kwanza tukaikwaruza ili ya pili ishike. Chokaa usiiache, ndo inayofanya lipu isiwe ngumu kupita kiasi, saruji tupu ukutani pa meko inapasuka ovyo. Tuliinyunyizia maji siku za mwanzo isikauke kwa pupa.

Pale juu tu, karibu na dari, ukuta ulipokuwa umeegemea nyuma karibu sentimita nne, ndo tulitumia fremu, lakini ya chuma, ile ya mabati mepesi, na bodi ya saruji juu yake, tukaacha nafasi ya hewa nyuma ya milimita 25 iliyo wazi chini na juu. Hiyo hewa inatembea, ya baridi inaingia chini, ya moto inatoka juu, inaondoka na joto. Ukiziba chini na juu ili pawe pazuri unakuwa umeondoa faida yote. Tuliuacha ule mwanya wazi, ukisimama mbele hauonekani, umefichwa na kivuli cha rafu.

Gundi ndo kosa lililodondosha tailizi. Fundi wa kwanza alitumia gundi ya ndoo, ile iliyokwisha changanywa laini kama siagi, rahisi kupaka, ambayo kwa bafuni inafaa lakini joto linailainisha na kuichosha. Safari hii tulitumia ya unga wa saruji, ya mfuko, iliyoandikwa kabisa kwamba inafaa kwa maeneo ya joto, na tukapaka ukutani kwa mwiko wa meno na tena mgongoni mwa kila tailizi, pasibaki mfuko wa hewa. Ndani kabisa ya meko hiyo gundi haifai wala tailizi hazifai, mule ni tofali za moto na saruji yake maalum, mistari myembamba isizidi milimita sita.

Tailizi zenyewe, porselini au mawe ya asili kama granaiti ni salama. Nilitaka sana yale mawe ya kutengenezwa yanayong'aa ya kaunta za jikoni, mzee akakataa, na ana haki, yale ni vumbi la jiwe lililoshikwa na plastiki ngumu, kwenye joto yanabadilika rangi na kupasuka. Na angalia mgongo wa mawe ya mapambo, yale yaliyokwisha pangwa kwenye wavu, mengine yameshikwa kwa gundi ambayo haipendi joto.

Sehemu ambayo ningependa mtu aisome mara mbili ni huu mwanya. Tofali za moto zinatanuka na kurudi kila jioni, ukuta wa nje hautanuki sawa nazo, kwa hiyo pale tailizi zinapokutana na ukingo wa mdomo usijaze grauti. Ufa wangu wa mara ya kwanza ambao nilikuwa naujaza ukarudi, ulikuwa unarudi kwa sababu hiyo. Tuliacha milimita sita kuzunguka mdomo wote, ndani tukasokota kamba ya nyuzi za seramiki, juu tukafunga kwa silikoni ya joto kali, sio ile ya dirishani. Msimu mzima umepita hakuna ufa hapo.

Rafu sasa. Mke wa kaka alisema tuweke jiwe tumalize habari, na jiwe kweli lingeondoa wasiwasi. Ila mimi napenda mbao na sikutaka kuishi na woga badala ya kuishi na vipimo. Lile gogo la zamani sikulirudisha hata baada ya kuliranda, mbao iliyokwisha kupikwa siiamini tena karibu na moto. Nilichukua mpya, nene sentimita 8, imetokeza 18, na nikaipandisha mpaka sentimita 42 juu ya mdomo. Kanuni ile inaishia 305 milimita ila mimi nikaongeza, kwa kuwa moto wangu ni wa kuni kavu na huwa tunaujaza. Imeshikwa na vyuma vilivyofungwa kwa bolti za kutanuka ndani ya tofali. Kuna zile bolti za kubandika na gundi ya kemikali, ni kali sana kwa uzito, ila gundi hiyo ikipata joto inalainika, na juu ya meko sitaki kitu kizito kinachoning'inia kwenye gundi.

Nguzo za pembeni sikuzirudisha. Zingeweza kurudi kwa lipu au jiwe, lakini ukuta ulivyobaki wazi nimeupenda zaidi.

Sakafu pia ilikuwa na upungufu. Mbele ya meko tulikuwa na mawe ya sentimita 40 kisha inaanza sakafu ya mbao za kubandika. Kwa mdomo wa ukubwa wangu, ambao umezidi mita za mraba 0.56, kanuni hiyohiyo inataka milimita 508 mbele na 305 kila upande, mdomo ulio mdogo kuliko huo ni 406 na 203. Uingereza kwa moto wa wazi wanataka 500 mbele na 150 pembeni. Nikakata mbao nikasogeza mawe mpaka sentimita 55. Jioni ya pili tu cheche iliruka ikatua kwenye sentimita ya 47 hivi, niliipima.

Televisheni juu ya rafu, hapana. Baba watoto aliomba sana, tukasoma kitabu chake kikasema isifanye kazi mahali panapozidi sentigredi 40, mjadala ukaisha, imekaa ukuta mwingine.

Hapa kati shemeji yangu naye akaanza ya kwake. Yake sio ya tofali, ni ile ya kiwandani, sanduku la chuma lililoingizwa ukutani, na alitaka kufunika ule uso mweusi wa chuma kwa tailizi maana hauvutii, na kuziba vile vitundu vya juu na chini. Nilimwendea usiku uleule. Shemeji, nikamwambia, vile vitundu ndo pumzi ya hilo sanduku, linajipoza kwa hewa inayopita humo, ukivifunika joto linarudi kwenye mbao zinazolishika. Na vile vyuma vilivyosimama juu yake kama pembe, ambavyo fundi wake alitaka kuvipinda ili jipsamu ikae vizuri, ndo vimewekwa kuzuia mbao zisiguse. Kwa meko ya aina hii vipimo vyangu vyote nilivyovitaja havina kazi, kinachotawala ni kitabu cha hilo sanduku, kila modeli na vyake, na unapaswa kukitafuta kwa namba iliyopigwa kwenye kibati chake ndani. Tulikaa na tochi tukaisoma ile namba. Kitabu kilipopatikana kilikuwa na mchoro unaoonyesha kabisa tailizi ziishie wapi. Alishukuru.

Lipu na gundi vikishakamilika usiwashe moto siku ya pili kwa furaha. Tulingoja siku 28, nilihesabu kwenye kalenda na watoto, kisha moto wa kwanza ukawa wa vijiti, nusu saa tu. Wa pili siku iliyofuata mkubwa kidogo. Maji yaliyobaki ndani ya lipu yakipashwa ghafla yanakuwa mvuke na yanatafuta njia ya kutoka, na njia yake ni ufa.

Ule moto kamili wa kwanza nilikaa na kipimajoto changu saa tatu nzima, kila dakika kumi na tano naandika kwenye daftari. Chini ya rafu iliishia 48. Ukutani juu ya mdomo tailizi zilikuwa moto kweli, ila nyuma yake ni tofali. Angalizo kwa atakayepima, hicho kipimajoto kinadanganywa na chuma kinachong'aa, kinasoma chini kuliko ukweli, mimi nilibandika kipande cha utepe wa karatasi kwenye vyuma vya rafu nikapima juu ya utepe. Na bado mwanangu mkubwa alitaka kuweka michoro yake ikining'inia kwenye ukingo wa rafu, tukakubaliana michoro ikae ukutani mbali, juu ya rafu ni saa na vyungu vya udongo.

Bado kuna sehemu moja naifuatilia. Kona ya juu kulia, pale lipu ya tofali inapokutana na bodi ya fremu ya chuma, kumetokea mstari mwembamba kama unywele. Mzee anasema ni vitu viwili tofauti vinatembea kila kimoja kwa mwendo wake na tungeacha mwanya hapo kama tulivyoacha mdomoni, tulisahau. Nimeweka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili za huo ufa na tarehe. Ukirefuka kabla ya msimu ujao wa baridi tutakata hapo, tutaingiza silikoni.